Mawe Tunayo, Metali Hatuna

Tarehe 11 Januari 2011, katika jiji la Chengdu, China ilirusha kwa mara ya kwanza J-20, ndege ya kivita iliyochongwa ili rada zisiione. Umbo lilikuwa la Kichina na kompyuta zilikuwa za Kichina. Lakini makundi ya kwanza ya ndege hizo yalipoingia jeshini, yaliruka kwa injini za AL-31 kutoka Urusi. Mwaka huohuo wa 2011 Uganda ilianza kupokea ndege zake sita za Su-30MK2, nazo zinasukumwa na injini za ukoo huohuo wa AL-31. Taifa lenye viwanda vingi kuliko yote duniani na jirani yetu wa Entebbe walikuwa wamepiga hodi kwenye mlango mmoja.

Wachina hawakupungukiwa fedha, wala wahandisi, wala madini. Walichopungukiwa ni elimu ya metali inayostahimili moto, na elimu hiyo haipatikani kwa kununua wala kwa kuiga mchoro. Umbo la ndege unaweza kulichora leo na kulijaribu mwakani. Injini inatoka kwenye tanuri, na anayelimiliki tanuri hilo ni yule aliyekosea humo kwa miaka thelathini na kuandika kila kosa.

Nayaandika haya Rumonge, Burundi, kwa sababu sisi wa ukingo huu wa Ziwa Tanganyika tumezungukwa na mawe ambayo injini hizo zinayategemea. Kusini mwa Bujumbura kuna vilima vya Gakara. Rutana kuna Musongati. Ng'ambo ya ziwa kuna Kongo yote. Na bado tunazungumzia madini kana kwamba kazi inakwisha pale gunia linapopakiwa kwenye lori. Hoja yangu ni hii: bila kuanza sasa kujenga elimu ya metali, nikeli ya Musongati itatutoka kama mawe ya Gakara yalivyotutoka, na hatutajua hata tulichouza.

Kujificha kunaanzia kwenye injini

Watu wengi wanadhani ndege kama J-20 inafichwa na rangi yake. Rangi inasaidia, lakini adui mkubwa wa siri ni injini yenyewe. Kwa mbele, mapanga ya feni yanayozunguka yanarudisha mawimbi ya rada kwa nguvu sana. Kwa hiyo wahandisi wanaipinda njia ya hewa ili rada inayotazama kutoka mbele isiyaone mapanga. Hewa nayo haipendi kupindwa. Inafika kwenye feni ikiwa na msukosuko, na injini inapaswa kuuvumilia bila kukohoa wala kuzimika.

Kwa nyuma tatizo ni joto. Vifaa vya kisasa vinaweza kuiona ndege kwa joto lake tu, bila rada. Ndiyo maana F-22 ya Marekani ilipewa midomo bapa ya kutolea moshi, na injini yake ya F119 ikatengenezwa iweze kupita kasi ya sauti bila kuchoma mafuta ya ziada nyuma ya turbini, kwa kuwa moto ule wa nyuma ndio unaotangaza ndege ilipo. Njia kuu ya kupata msukumo mkubwa bila moto wa nyuma ni kuongeza joto ndani, kwenye kiini cha injini. Kila digrii unayoificha nje, unailipia ndani.

Halafu kuna vifaa vya elektroniki. F-35 imejaa rada, kamera na kompyuta zinazotoa joto, na joto hilo halina pa kwenda ndani ya ndege iliyozibwa kila upande. Hewa ya kuzipoza kompyuta inachotwa kwenye injini ya F135. Kadiri vifaa vilivyoongezeka, injini ilichotwa hewa kuliko ilivyopangwa, ikawa inafanya kazi kwa joto kubwa zaidi na kuchakaa mapema. Wakaguzi wa serikali ya Marekani walikadiria mwaka 2023 kwamba uchakavu huo utaongeza gharama ya dola bilioni 38 katika maisha ya ndege hizo. Kampuni ya General Electric ilikuwa imejenga injini ya majaribio, XA100, yenye mkondo wa tatu wa hewa baridi unaopita kando ya kiini, kwa ajili ya kupoza vifaa na kuokoa mafuta. Mwaka huohuo wa 2023 Marekani iliamua kuiboresha F135 badala ya kuibadilisha. Kwa ndege zake zijazo, utafiti wa mkondo wa tatu unaendelea.

Panga moja la turbini

Tulitazame panga moja kwa karibu, maana ugumu wote umekaa hapo. Lile la hatua ya kwanza ya turbini linaenea kiganjani. Gesi inayolipiga ina joto linaloweza kuvuka digrii 1,800 za Selsiasi. Aloi ya nikeli iliyolitengeneza panga hilo inaanza kuyeyuka kwenye digrii 1,300 na ushei. Yaani panga linafanya kazi ndani ya moto ulio mkali kuliko kiwango chake cha kuyeyuka, huku likizunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika na kuvutwa nje kwa nguvu ya tani kadhaa.

Fundi wa mota pale bandarini Rumonge anajua nusu ya jibu. Mota ya boti haiungui kwa sababu inanyonya maji ya ziwa, inayazungusha ndani ya mwili wake na kuyatema kwa kijitundu cha pembeni, na fundi akiona kijitundu kimekauka anazima mara moja. Panga la turbini nalo linapozwa kutoka ndani, isipokuwa kinachopita humo ni hewa iliyochotwa kwenye kompresa, nayo yenyewe ina mamia ya digrii. Inaingia kwenye shina la panga, inapita kwenye vijia vilivyofinyangwa ndani, kisha inatoka kwa vitundu vyembamba na kutandaza pazia la hewa juu ya uso wa metali.

Nusu ya pili ya jibu ni metali yenyewe. Metali ya kawaida ni mkusanyiko wa chembe za fuwele zilizoshikana, na penye joto na mvuto mkubwa mpasuko huanzia kwenye mipaka ya chembe hizo. Kuanzia miaka ya 1960, Pratt & Whitney ya Marekani ilitafuta namna ya kutengeneza panga zima kuwa fuwele moja, lisilo na mpaka hata mmoja. Wanafinyanga sanamu ya nta, wanaivika kauri, wanaiyeyusha nta itoke, kisha wanamimina aloi iliyoyeyushwa ndani ya ombwe. Kalibu inashushwa polepole kutoka kwenye tanuri. Chini yake kuna njia nyembamba iliyojizungusha, na fuwele nyingi zinazoanza kuota zinashindana kuipita. Inapita moja tu, nayo inakua hadi kulijaza panga lote. Mwishoni panga linavikwa utando mwembamba wa kauri ya zirkonia iliyotiwa itri, ili kupunguza joto linalolifikia.

Kiasi cha kila metali, kasi ya kushusha kalibu, namna ya kuipasha aloi tena baada ya kuganda: hayo ndiyo mambo ambayo hayaandikwi kwenye kitabu kinachouzwa.

Yaliyomo ndani ya aloi

Aloi moja mashuhuri ya mapanga ya fuwele moja, CMSX-4, ina karibu asilimia 10 ya kobalti na asilimia 6.5 ya tantali, pamoja na kromi, volframu, alumini na reni. Sehemu kubwa iliyobaki ni nikeli. Diski zinazoyashika mapanga katika injini nyingi zinatumia aloi ya Inconel 718, yenye asilimia 5 hivi ya niobi. Reni inatoka zaidi Chile na niobi nyingi inatoka Brazili, kwa hiyo hatuwezi kusema dunia inatutegemea kwa kila kitu. Lakini kobalti, zaidi ya asilimia 70 ya inayochimbwa duniani inatoka Kongo, hasa Katanga. Tantali inatoka kwenye koltani, na koltani ipo Kivu, ipo Rwanda, na kwetu ipo Kabarore, Kayanza. Rubaya peke yake, huko Masisi, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameikadiria kuwa inatoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia. Tangu Aprili 2024 iko mikononi mwa waasi wa M23.

Wakubwa wanajua uzito wa jambo hili kuliko sisi tulio karibu nalo. Mei 1978 wapiganaji waliotoka Angola waliuteka mji wa Kolwezi, katika Katanga iliyokuwa ikiitwa Shaba zama za Mobutu. Tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa walishuka. Wakati huo Zaire, yaani Kongo ya leo, ilikuwa ikitoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, na bei ikapanda maradufu na zaidi. Watengenezaji wa injini za ndege walishtuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, maabara ya NASA huko Cleveland, Ohio, iliongoza mradi maalumu wa kutafuta aloi za injini zenye kobalti, tantali, niobi na kromi kidogo kadiri inavyowezekana. Risasi zilizopigwa Kolwezi zilibadilisha kazi ya wanasayansi wa Ohio.

Somo lake linauma. Nchi yenye elimu ya metali ilipokosa jiwe, iliweza kutafuta njia nyingine. Nchi yenye jiwe, Zaire, haikuweza kufanya lolote na bei ile isipokuwa kuitazama ikipanda na kushuka.

Waliojaribu

Afrika iliwahi kuingia katika mbio hizi. Chini ya Gamal Abdel Nasser, Misri ilimwita Willy Messerschmitt kusanifu ndege ya kivita, HA-300, na Ferdinand Brandner, mhandisi wa Austria, kutengeneza injini yake, E-300, huko Helwan. Ndege iliruka Machi 1964, lakini kwa injini ya Kiingereza, kwa kuwa ile ya Helwan ilikuwa bado kwenye majaribio. Mwaka 1969 mradi ulifutwa. Wataalamu wa kigeni waliondoka na elimu yao vichwani.

India ilianza injini yake ya Kaveri mwaka 1989, kwa ajili ya ndege ya Tejas. Tejas iliruka Januari 2001 kwa injini ya Marekani, na mwaka 2008 Kaveri ilitenganishwa na mradi huo. Nchi iliyokuwa inarusha satelaiti ilikwama kwenye panga la turbini. Hata mahali pa kuijaribu injini katika mazingira ya anga ya juu hapakuwapo nyumbani, ikabidi ipelekwe Urusi. Sasa India inaanza tena na Safran ya Ufaransa, kwa ajili ya ndege yake ijayo isiyoonekana na rada. Uturuki nayo ilirusha KAAN Februari 2024 kwa injini za Kimarekani za F110, huku injini yake yenyewe ikiwa bado inatengenezwa.

China ndiyo iliyovuka, na tazama ilivyovuka. Injini ya WS-10 ilianza kufanyiwa kazi miaka ya 1980, na ilichukua miongo kabla ya kuaminika kwenye J-20. WS-15, iliyokusudiwa hasa kwa ndege hiyo, ilianza miaka ya 1990. Hakuna mwaka mmoja wa muujiza katika safari hiyo. Kuna vyuo, tanuri, mapanga yaliyopasuka, na serikali iliyokubali kulipia mapanga yaliyopasuka.

Mawe ya Kabezi

Anayetoka Rumonge kwenda Bujumbura kwa barabara ya kando ya ziwa anapita Minago, Magara, Gitaza, kisha Kabezi. Juu ya Kabezi ndiko Gakara. Wabelgiji walianza kuchimba huko mwaka 1948 na uchimbaji uliendelea hadi 1978. Desemba 2017 kampuni ya Rainbow Rare Earths, iliyosajiliwa kwenye soko la hisa la London, ilianza tena kuzalisha. Mawe yenyewe ni bastnesite na monaziti, mazito mkononi kuliko yanavyoonekana, yamelala katika mishipa myembamba inayokata mwamba. Ni miongoni mwa mawe yenye kiwango kikubwa kabisa cha madini adimu duniani. Yakishapondwa na kuchujwa kwa maji, zaidi ya nusu ya uzito wa gunia ni oksidi za madini hayo.

Ndani ya gunia hilo kuna seri na lanthani kwa wingi, na kuna neodimi na praseodimi ambazo ndizo zenye thamani kubwa, kwa kuwa zinatengeneza sumaku kali. Ndege moja ya F-35 ina zaidi ya kilo 400 za madini adimu. Tena Septemba 2022 Marekani ilisimamisha kupokea F-35 mpya baada ya kugundua kwamba sumaku iliyomo ndani ya mtambo wa kuwashia injini na kutoa umeme ilikuwa ya aloi ya kobalti na samari iliyotoka China. Kipande kidogo tu kilisimamisha ndege ghali, hadi kibali maalumu kilipotolewa Oktoba. Na Aprili 2025 China iliweka masharti ya kuuza nje aina saba za madini adimu, zikiwamo samari na ile itri inayovikwa kwenye mapanga.

Burundi ingekuwa na la kusema katika mvutano huo. Lakini mwaka 2021 serikali ilisimamisha kwanza usafirishaji na kisha kazi za Gakara, ikilalamika kwamba mkataba haukuwa wa haki na bei hazikuwa wazi. Naiunga mkono serikali kwa kuuliza. Swali la bei lilikuwa halali. Ila muuzaji anayetaka bei ya haki lazima ajue kilichomo ndani ya gunia, kwa kila elementi, kwa kipimo chake mwenyewe ambacho mnunuzi hawezi kukipuuza. Baada ya gunia kuna hatua nyingi: kulivunja jiwe kwa asidi, kutenganisha elementi zinazofanana mno kwa mamia ya hatua za kemia, kupata metali, kisha sumaku. Hatukuwa na mguu katika hata moja ya hatua hizo. Basi tulipofunga mgodi, dunia haikusikia.

Musongati isiwe Gakara ya pili

Sasa nikeli. Hazina ya Musongati iligunduliwa miaka ya 1970 kwa utafiti wa Umoja wa Mataifa, na pamoja na nikeli ina kobalti na shaba ndani yake. Agosti 2025 kazi ya reli ya kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati ilizinduliwa. Kwa mgawanyo mpya wa mikoa, Rutana na Rumonge sasa ziko pamoja katika mkoa wa Burunga. Mkoa huohuo una mitambo ya umeme wa maji ya Jiji na Mulembwe katika milima ya Bururi, karibu megawati 50 kwa jumla. Nikeli, umeme na bandari ya ziwani viko chini ya paa moja la utawala. Bahati ya namna hii haitokei mara mbili.

Sidai kwamba tutatengeneza injini ya ndege ya kivita. Kinu kikubwa cha kuyeyusha nikeli ya aina ya Musongati kinaweza kudai umeme kuliko wa Jiji na Mulembwe kwa pamoja. Ninachodai ni mambo matatu yanayowezekana.

La kwanza ni maabara ya taifa ya kupima madini, yenye vifaa na hadhi ya kimataifa, na mikataba yote iandikwe kwa kiasi cha kila metali iliyomo. Musongati ikiuzwa kwa bei ya nikeli peke yake, kobalti yake itakuwa zawadi kwa mnunuzi.

La pili ni kusafisha metali kwa pamoja na majirani. Kabanga, ng'ambo ya mpaka wetu huko Ngara, ina nikeli, na Tanzania imepanga kiwanda cha kuisafisha Kahama. Burundi isijenge kinu chake kidogo cha kujivunia. Iombe viti vya wahandisi wake Kahama, tena iviandike kwenye mkataba wa reli kabla ya behewa la kwanza kupakiwa. Wahandisi ishirini waliokaa miaka kumi mbele ya tanuri watatufaa kuliko mrabaha wa mwaka mmoja.

La tatu ni kuanza chini, hapa hapa ufukoni. Rafadha ya boti ikigonga jiwe na kuvunjika ncha, fundi wetu anaijaza kwa kuchomelea na kuisawazisha kwa jicho. Anajua kazi, hajapewa tanuri linalopima joto, wala kifaa cha kutambua aloi, wala mwalimu wa kumwambia kwa nini kile alichochomelea jana kimepasuka leo. Karakana moja ya kusubu na kupasha metali Rumonge, iliyounganishwa na Chuo Kikuu cha Burundi, ingeanza na rafadha na vipuri vya mashine za mawese.

Kuna watakaoniuliza kwa nini nitamani elimu inayozaa silaha, katika mji ambao umewapokea wakimbizi wa Fizi na Baraka kwa miaka mingi. Ni swali la haki na linanigusa. Jibu langu ni kwamba aloi ileile inazungusha turbini za umeme wa gesi na injini za ndege za abiria, na elimu ya kuisubu ndiyo inayotengeneza pampu za maji na vifaa vya hospitali. Vita vinavyopiganwa kwa ajili ya mawe vinapiganwa zaidi pale ambapo jiwe ni rahisi kubebwa na halina jina. Koltani ya Rubaya inavuka mipaka kwa magunia, na ikishachanganywa ni vigumu kusema ilikotoka. Metali iliyosafishwa chini ya sheria, katika kiwanda kinachojulikana, ina cheti na ina mwenyewe. Mwenye metali anaweza kukataa kumuuzia fulani. Mwenye gunia hana uwezo huo.

Reli itafika. Mikataba ya Musongati ndiyo itakayoamua kama itabeba udongo au itabeba metali, na jambo hilo linahusu Rumonge kama linavyohusu Gitega. Wabunge wa Burunga wadai kuyaona masharti ya mikataba hiyo sasa, na watuambie hadharani ni vijana wangapi wa mkoa huu watakaotumwa kusomea tanuri.